Pumzi, Neno, Mwili au Heri: Uanze na Taamuli Ipi?

Mtu akishauriwa "jaribu meditesheni, itakutuliza", ni nadra kuambiwa ipi. Akienda kutafuta, wa kwanza anamwambia aitazame pumzi yake, wa pili arudie neno moja, wa tatu alale chali aupitie mwili kuanzia vidole vya miguu, wa nne akae awatakie watu heri. Anashika ile iliyomjia kwanza, inamshinda siku ya tatu, anaacha zote akiamini kuwa yeye hakuumbiwa mambo hayo. Nami nilianza na pumzi, ikanibana, nikaacha kwa muda mrefu bila kujua kwamba palikuwa na mlango mwingine. Ndiyo sababu naandika haya.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Wapo wanaosema tahajudi, ila neno hilo lina wenyewe: ni sala ya usiku ya Waislamu. Wapo wanaosema kutafakari, na hapa ndipo wengi wanapopotezwa na lugha, maana kutafakari ni kulishika jambo, kulipima na kulipindua hadi ulielewe. Zoezi tunaloliongelea linataka kinyume chake: wazo likija, ulione na usilifuate. Anayekaa nusu saa akiyatafakari madeni yake huinuka amechoka kuliko alivyokaa, kisha akasema zoezi halifai. Nitatumia neno taamuli, na kwa neno hilo namaanisha kuipa akili kitu kimoja cha kushika na kuirudisha hapo kila inapoponyoka.

Maswali ninayoziuliza njia zote nne

Akili inapewa kazi gani? Inataka muda gani, na je, mwalimu ni lazima? Watafiti wamekuta nini? Inawashinda watu wapi? Inamfaa nani? Sikuweka swali la "ipi ina faida nyingi zaidi", na nina sababu. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yaliyokuwa na washiriki 3,515. Taamuli ilionekana kuleta nafuu ya kiasi kwenye wasiwasi, sonona na maumivu. Haikuonekana kuzishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Hiyo ni faida ya kweli, na ina mipaka. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

Usichague pia kwa sababu ya zile picha za ubongo "uliobadilika". Tafiti ndogo za awali zilidai kuwa wiki nane zinatosha kuongeza sehemu fulani za ubongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliporudia kwa watu wengi zaidi na kuchapisha mwaka 2022, hawakuyaona mabadiliko hayo. Chagua kwa kuangalia wewe unasumbuliwa na nini na unaweza kukaa na nini.

Kufuata pumzi

*Kazi ya akili.* Unakaa wima, kwenye kiti au sakafuni, na kuiweka akili pale unapoihisi pumzi vizuri zaidi: puani, kifuani au tumboni. Huivuti wala huipangi, unaiacha iingie na itoke yenyewe. Baada ya pumzi tatu nne utajikuta uko kwenye mazungumzo ya jana. Unatambua, unarudi. Kule kurudi ndilo zoezi lenyewe, na ningependa jambo hili lisikike kuliko yote, kwa sababu wengi huhesabu kila kuponyoka kuwa ni kushindwa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, katikati ya shughuli zao, akili zao ziko wapi. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, akili ilikuwa kwingine. Ndivyo akili ilivyo. Ukiirudisha mara hamsini ndani ya dakika kumi, umefanya zoezi mara hamsini.

*Muda na mwalimu.* Dakika kumi kwa siku zinatosha kuanza, na mwalimu si lazima. Anayetaka kushikwa mkono anaweza kutafuta kozi ya MBSR, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts: wiki nane, kikao kimoja kwa wiki cha saa mbili na nusu hivi, siku moja nzima ya ukimya, na mazoezi ya nyumbani ya karibu dakika 45 kila siku. Upande wa mbali kabisa kuna kambi za siku kumi za vipassana, taamuli ya asili ya Kibudha, zinazofuata mafundisho ya mwalimu S. N. Goenka. Hazitozi ada, zinaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzipitia, na mtu hukaa kimya akifanya taamuli takriban saa kumi kwa siku. Zinaanza na pumzi, kisha zinahamia kwenye hisia za mwili. Sishauri mtu aanzie huko. Saa kumi ni nyingi mno kwa aliyekuwa hajawahi kukaa hata moja.

*Ushahidi.* Hapa ndipo tafiti zilipo nyingi, ingawa kozi zilizopimwa huchanganya pumzi, mwili na mijongeo myepesi, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa pumzi peke yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilichukua watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi. Nusu wakapewa kozi ya MBSR, nusu dawa ya escitalopram inayotumika kutibu wasiwasi na sonona. Matokeo ya kozi hayakuwa duni kuliko ya dawa. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la watu 424 waliowahi kuugua sonona mara tatu au zaidi. Katika miaka miwili, sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliosoma kozi ya MBCT, inayounganisha taamuli ya MBSR na tiba ya kurekebisha fikra, huku wakisaidiwa kupunguza dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema nani kashinda. Walipunguza dawa wakiwa mikononi mwa madaktari, usilifanye peke yako. Kwa watoto habari ni nyingine: jaribio kubwa la shule za Uingereza, lililotolewa mwaka 2022 na kuhusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuona faida ya kufundisha darasa zima kuliko malezi ya kawaida ya shule.

*Inaposhinda.* Mwenye pumu, au aliyewahi kupatwa na kiwewe cha ghafla, anaweza kuona kwamba kadiri anavyoiangalia pumzi ndivyo inavyokuwa fupi. Hilo lilinitokea mimi. Kujilazimisha hakusaidii, kuhamia njia nyingine kunasaidia.

*Inamfaa* anayetaka kuijua akili yake inavyokwenda, asiyetaka maneno yoyote yenye sura ya ibada, na ambaye pumzi kwake haina historia mbaya.

Kurudia neno

*Kazi ya akili.* Unachagua neno au kifungu kifupi, unalirudia kimoyomoyo. Wazo likija, unarudi kwenye neno. Kwa wengi hii ni nyepesi kuliko pumzi, kwa sababu pumzi iko kimya na akili inayopenda kusema haipati cha kushika. Neno linaipa ulimi wake kazi.

*Muda na mwalimu.* Njia iliyovuma zaidi katika kundi hili ni ile ya Maharishi Mahesh Yogi, aliyeanza kuifundisha India miaka ya 1950: dakika 20 mara mbili kwa siku, neno unapewa na mwalimu aliyeidhinishwa, na kuna ada. Daktari wa moyo Herbert Benson wa Harvard aliwapima wanaoifanya njia hiyo, akaona mwili wao ukitumia oksijeni kidogo na mapigo ya moyo yakishuka. Mwaka 1975 akatoa kitabu akieleza kwamba mwili huitikia hivyo kwa neno lolote, mradi mtu alirudie kwa utulivu na asigombane na mawazo yanayopita. Kwa hiyo unachopata kwa kulipa ni mwalimu na utaratibu, na hivyo vina thamani kwa mtu ambaye asipopewa ratiba hafanyi. Ambaye hana pesa hiyo hajafungiwa mlango.

*Ushahidi.* Upande wa moyo ndio uliotazamwa zaidi. Chama cha Moyo cha Marekani kilisema mwaka 2013 kuwa njia ya Maharishi inaweza kufikiriwa katika kushusha shinikizo la damu, na mwaka 2017 kikaongeza kwamba taamuli kwa jumla inaweza kuwa nyongeza ya matibabu ya kawaida. Nyongeza, si badala. Kuna utafiti mwingine ninaoupenda, ulioongozwa na Luciano Bernardi na kuchapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2001. Watu wazima 23 waliombwa kusali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine kutamka mantra ya Kibudha. Maneno yote mawili yaliwapunguzia pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na mfumo wa mwili unaorekebisha shinikizo la damu ukawa mwepesi zaidi kuitika.

Msomaji mwenye dini ataona mara moja kuwa umbo hili analijua. Anayevuta tasbihi au kusali rozari amekuwa akirudia maneno kwa mwendo wa taratibu maisha yake yote. Sisemi kuwa dhikri na sala ni taamuli tu. Zina anayeelekezewa, na hilo ndilo kubwa ndani yake. Nasema kwamba asiyetaka kuchukua neno la imani nyingine hana haja ya kulichukua.

*Inaposhinda.* Neno linageuka wimbo wa nyuma: mdomo wa ndani unaendelea huku akili imeshafika mbali. Likifika hapo, lipunguze mwendo au liunganishe na kutoa pumzi. Epuka pia neno lenye kumbukumbu nzito, kama jina la mtu uliyempoteza.

*Inamfaa* mwenye mawazo yanayopiga kelele, anayeona pumzi inambana, na anayehitaji kitu cha kufanya akiwa kwenye foleni au chumba cha kusubiri bila mtu kumwona.

Kuupitia mwili

*Kazi ya akili.* Unalala au kuketi, kisha unaipeleka akili kwenye vidole vya mguu mmoja, unyayo, kisigino, goti, na kuendelea juu hadi utosini. Kila mahali unauliza: hapa pana nini? Joto, ubaridi, mkazo, au hakuna kitu. Hutakiwi kulegeza chochote. Mara nyingi kiungo hulegea chenyewe kikishaangaliwa, ila ukikitafuta kulegea kwa nguvu unaongeza mkazo mwingine juu ya ule wa kwanza.

*Muda na mwalimu.* Ni ndefu kuliko nyingine, dakika 20 hadi 45, na sauti iliyorekodiwa inasaidia sana kwa kuwa ni rahisi kupotea njiani. Mwalimu wa ana kwa ana si lazima.

*Ushahidi.* Kuupitia mwili ni sehemu kuu ya MBSR, hivyo linalosemwa juu ya kozi hiyo linaihusu. Jaribio la mwaka 2016 lilikuwa na watu 342 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Baada ya wiki 26, asilimia 60.5 ya waliosoma MBSR walikuwa wamepata nafuu ya maana katika shughuli zao za kila siku, dhidi ya asilimia 44.1 ya waliobaki na huduma za kawaida. Waliopewa tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo walifikia asilimia 57.7, kwa hiyo njia hizo mbili zilikwenda sambamba. Tukumbuke kinachosemwa hapa ni shughuli: mtu anainama, anapanda ngazi, anavaa viatu. Maumivu yanaweza kuwepo, lakini hayampangii siku yake yote.

*Inaposhinda.* Usingizi. Ukilala kitandani usiku utafika magotini tu. Kama unatafuta usingizi, hiyo ni baraka. Kama unatafuta zoezi, fanya asubuhi ukiwa umeketi. Jambo zito zaidi ni hili: aliyewahi kutendewa ukatili mwilini anaweza kufika sehemu fulani na kukutana na kumbukumbu iliyokaa pale. Ana haki ya kuruka sehemu hiyo, kufungua macho, kubaki kwenye mikono na nyayo tu, au kuiacha njia hii mpaka awe na mtaalamu wa kumsindikiza.

*Inamfaa* mwenye maumivu ya muda mrefu, anayekosa usingizi, na yule ambaye msongo wake hukaa mabegani na tumboni kabla hajautambua kichwani.

Kutakia heri

*Kazi ya akili.* Kwa lugha ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, njia hii huitwa metta. Unamweka mtu moyoni na kumtakia kwa maneno machache: uwe salama, uwe na afya, uwe na utulivu. Unaanza na unayempenda bila shida, unakuja kwako mwenyewe, unakwenda kwa mtu usiyemjua vizuri, na baadaye sana kwa mliyekosana.

*Muda na mwalimu.* Dakika kumi hadi ishirini, bila mwalimu.

*Ushahidi.* Ni mchache kuliko wa pumzi. Ulio maarufu ni wa Barbara Fredrickson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008: wafanyakazi 139, wengine wakifundishwa njia hii kwa wiki saba. Hisia njema za kila siku ziliongezeka kwao, kwa polepole, na pamoja nazo hali ya kuona maisha yana kusudi na kwamba kuna watu wa kuwaegemea.

*Inaposhinda.* Kwenye kujitakia heri mwenyewe. Nimeona watu wazima, wanaobeba familia nzima, wakitokwa na machozi kwenye maneno "niwe salama", au wakashindwa kabisa kuyasema. Wengine huona wanajifanya. Huhitaji kuhisi chochote. Unaweka nia tu, hisia zikija zije. Kosa jingine ni kurukia moja kwa moja kwa aliyekuumiza. Mwache. Na kumtakia mtu heri hakumaanishi kumrudisha nyumbani kwako.

*Inamfaa* anayejilaumu kupita kiasi, muuguzi au mlezi aliyekauka kwa kuhudumia wengine, na anayeishi na kinyongo kinachomla yeye kuliko kinavyomla mwenzake.

Kabla hujaanza

Taamuli inaweza kuumiza. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 83 yalikuta takriban asilimia 8 ya watu wakipata madhara, yaliyotajwa zaidi yakiwa wasiwasi na sonona. Aliyewahi kupatwa na saikosisi, yaani maradhi ya kuona au kusikia visivyokuwepo na kupotewa na uhalisia, mwenye maradhi ya hisia zinazopanda na kushuka kwa nguvu, au anayebeba tukio la kutisha ambalo bado bichi, azungumze na daktari wake kwanza na akae mbali na kambi ndefu za ukimya. Ukiona unaanza kujihisi kama uko nje ya mwili wako, au usingizi umekata kabisa, simama. Hakuna anayekudai.

Kwa hali yako

Kama mawazo yanakimbia mchana kutwa na ukikaa kimya yanazidi, anza na neno. Pumzi unaweza kuijia baada ya mwezi. Kama umelala kwa muda wa saa tatu nzima unatazama dari, upitie mwili, na usijali kutoufikia mwisho. Kama daktari amekuonya juu ya shinikizo la damu, neno au pumzi, huku dawa na mashauri yake yakiendelea. Kama ni mgongo au maumivu mengine ya miaka, mwili, na ukiweza kupata kozi kamili ya wiki nane ni bora zaidi kuliko sauti ya kwenye simu. Kama ni kujilaumu au hasira, heri, ukianza na mtu, au hata mnyama, anayekufanya utabasamu.

Msiba uko peke yake. Katika wiki za mwanzo sishauri njia ndefu yoyote. Dakika tatu za kuhisi nyayo zikigusa sakafu zinatosha, na kuwa na watu ni muhimu kuliko kukaa peke yako.

Kama sonona imekushika kiasi cha kushindwa kuinuka, au unawaza kujidhuru, hili si swali la taamuli ipi. Mwone daktari, mwambie mtu aliye karibu leo.

Kama huwezi kukaa kabisa, usijione wa ajabu. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu peke yao chumbani dakika 15, bila chochote isipokuwa kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikwisha kusema wangelipa pesa kuiepuka. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Kwa watu wa namna hii kuna kutembea, zoezi ambalo mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh alilifundisha hadi uzeeni: unatembea taratibu, hatua chache kwenda na kurudi, akili ikiwa kwenye unyayo unaoinuka na unaotua. Nalo ni taamuli kamili.

Na kama uliwahi kujaribu ukaacha, jiulize ulijaribu ipi. Chukua nyingine katika hizi nne, uipe dakika kumi kila siku, au ishirini kama ni kuupitia mwili, kwa wiki mbili, saa ileile na mahali palepale, bila kuchanganya. Baada ya hapo usijiulize kama akili imenyamaza. Angalia unavyowajibu watu wa nyumbani ukiwa umechoka, na unachukua muda gani kupoa ukishakasirika. Kama havijasogea hata kidogo na zoezi lenyewe unaliogopa, hamia njia nyingine bila kujilaumu. Kama kuna kilichosogea, baki hapo miezi michache kabla ya kuongeza dakika.